Sifa ya Nane

Ijumaa ile, saa tatu ya asubuhi haijatimia, Jicho alikuwa amekwisha kulifuta dirisha lile lile mara tatu na kuipiga deki sakafu ambayo hakuna mguu ulioikanyaga tangu jana. Nyumba haikuwa na uchafu. Ni mikono yake iliyokosa pa kukaa. Kwa miaka tisa mikono ile ilishika kalamu nyekundu katika kiwanda cha uchapaji, ambako yeye alikuwa msomaji prufu: kila ukurasa, kabla haujapelekwa mtamboni, sharti upite kwanza mbele yake, asahihishe tahajia, nukta na tarakimu, kisha autie saini. Wenzake walikwisha kulisahau jina alilopewa na wazazi. Walimwita Jicho, naye akaitika. Miezi mitatu iliyopita kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wangojee habari, na habari hazikuja.

Alipoisikia hatua uani, aliitambua kabla ya hodi. Akalitupa tambara nyuma ya mlango, akajipangusa mikono, akajitazama haraka katika kioo cha dirisha. Angalau kwa hilo dirisha lilifaa kufutwa.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Vua viatu, sakafu bado mbichi."

"Jana ulipiga deki, juzi ulipiga deki," alisema mwanamume yule akiinama kufungua kamba. "Siku moja nitafika nikute sakafu yote imekwisha, mmebaki mmesimama juu ya udongo."

Huyo ndiye aliyeitwa Fundi. Katika kiwanda kile kile yeye aliendesha mtambo mkubwa wa kuchapa, na utaratibu wa kazi ulimtaka aipeleke karatasi ya kwanza kwa Jicho ikaguliwe. Siku moja, miaka minne nyuma, alifika na karatasi ambayo wino wake haujakauka, akasema kabla hajaulizwa: "Kosa ni langu, si la mtambo." Jicho alikuwa amesikia udhuru wa kila namna katika chumba chake cha kazi, ungamo hakuwahi kulisikia. Akamtazama mtu usoni, akasahau kuitazama karatasi. Tangu hapo mambo yalikwenda kwa adabu. Fundi alijulishwa nyumbani, akaja kuposa, akakubaliwa. Ilibaki tarehe. Ndipo kiwanda kikafungwa, na shangazi yake Jicho, aliyemlea tangu utoto na ambaye neno lake nyumbani lilikuwa la mwisho, akatamka kwamba tarehe haitatajwa mpaka bwana harusi awe na kazi.

"Shikamoo, Shangazi!" Fundi alipaza sauti kuelekea chumba cha ndani, ambako magoti mabovu yalikuwa yamemlaza mama huyo.

"Marahaba. Kazi umepata?"

"Bado, Shangazi."

"Basi chukua marahaba nusu. Nusu nyingine utaipata siku hiyo."

Fundi akacheka kwa heshima, lakini Jicho aliona jinsi alivyoifinyanga kofia yake mkononi. Wakatazamana kidogo juu ya meza. Miezi mitatu walikuwa wakitazamana hivyo, kila mmoja akimpima mwenzake kama bado ana subira, na kila mmoja akiogopa kuuliza.

"Nimeleta barua," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Ya ishirini na tatu hii. Isome upesi, mpenzi, mwisho wa kupokelewa ni leo saa kumi."

Jicho akaketi. Akatoa kalamu nyekundu na rula ya mbao, maana alikuwa na namna yake ya kusoma: aliiweka rula chini ya mstari mmoja, mistari mingine yote akaifunika kwa karatasi, ili jicho lisikimbilie mbele likadanganyika. Hivyo ndivyo alivyozisahihisha barua ishirini na mbili zilizotangulia. Mstari wa kwanza akaongeza nukta. Wa pili akaondoa neno lililorudiwa. Wa tatu ulikuwa salama. Akaisogeza rula kwenye mstari wa nne, na kalamu ikasimama.

*Kuomba nafasi ya msimamizi wa idara ya vitabu vya shule.*

"Kazi hii umeisikia wapi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Kwa kinyozi. Nyapara wetu wa zamani alikuwa ananyolewa. Akanishika mkono, akasema, 'Fundi, kuna nafasi pale kwenye vitabu vya shule, andika, na mimi nitakutaja.' Jioni fundi umeme naye akaja kuniambia hiyo hiyo. Juzi mjomba. Jana mwenye duka. Kazi hii imenifuata kama deni."

"Watu wanne."

"Wanne, ndiyo. Kwani vipi?"

Jicho alikumbuka kwamba Jumanne alikutana na nyapara yule yule njiani. Walisimama wakasalimiana vizuri. Nyapara alimwuliza, "Fundi anaendeleaje na kutafuta?" akamtaka amtie moyo mwenzake, akaenda zake. Hakuuliza habari ya pili. Miaka tisa walikuwa wamefanya kazi mlango kwa mlango, na mzee yule, ambaye hakuwa mtu mbaya, hakufikiri hata kidogo kwamba aliyesimama mbele yake naye alikuwa amefukuzwa kazi siku ile ile.

Akavuta mtoto wa meza, akatoa kipande cha gazeti, akakiweka juu ya barua.

Fundi akakiinua. Lilikuwa tangazo la nafasi ile ile, limekatwa kwa mkasi, kingo zimenyooka. Mwombaji alitakiwa kuandika barua kwa mkono wake na kuwa na sifa nane. Pembeni mwa sifa saba palikuwa na alama ndogo ya vema. Ya nane ilizungushiwa duara jekundu: *Awe na uzoefu wa kusimamia watu.*

"Saba kati ya nane!" Fundi akasema, akaangua kicheko. "Mimi, nikijihesabia kwa huruma sana, ninazo tatu."

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa kuwa..."

"Na tatu hizo unaomba?"

"Naomba, ndiyo. Wakikataa nimepoteza karatasi na bahasha. Zilizobaki mtu hujifunza akiwa ndani." Akachungulia mtoto wa meza. Mle ndani mlikuwa na vipande vingine, vimepangwa kwa tarehe, kila kimoja na vema zake na duara lake moja jekundu. Akavihesabu kwa kidole. Kumi na kimoja. "Jicho. Nafasi hizi zote ulituma barua?"

"Hapana."

"Ulituma ngapi?"

Aliigeuza kalamu mara mbili mezani. "Hakuna."

Fundi hakucheka tena.

"Ukurasa wenye kosa moja haupiti," Jicho akasema haraka, kwa kuwa ukimya ule ulimuumiza zaidi ya kicheko. "Wewe unanijua. Nimerudisha kurasa kwa nukta moja tu. Nitawezaje kupeleka mbele ya watu barua yangu mwenyewe, nikijua kabisa ina kosa?"

"Na mimi nikiwasha mtambo, karatasi hamsini za kwanza ni za kutupa. Moja wino umezidi, moja wino umepungua, moja imekwenda upande. Nakaza hapa, nalegeza pale, mtambo unaendelea kuzunguka. Ningesubiri karatasi ya kwanza iwe safi ndipo niuwashe, tusingetoa hata daftari. Barua ishirini na mbili nimetupa. Unadhani haziniumi? Zinaniuma. Lakini nazungusha."

"Mwanamume akikataliwa, huambiwa jaribu tena. Mimi nikikataliwa nitaambiwa nilikuwa nimeenda kutafuta nini."

"Nani atakuambia hivyo?"

"Mimi!" ilijibu sauti kutoka chumba cha ndani. "Magoti ndiyo mabovu, masikio ni mazima. Nasikia kila neno. Mwanangu, kazi hiyo mwachie mwanamume. Akiipata yeye, mwezi ujao natangaza tarehe na mnapumzika, na mimi napumzika. Ukiipata wewe nitawaambia nini watu? Kwamba nimemwoza binti yangu kwa mtu wa kulishwa? Na hiyo shule ya watoto wadogo hapo nyuma, si wanatafuta mtu wa kuwaangalia? Ni hatua mia moja. Mchana unakuja kunigeuza, jioni uko nyumbani. Kazi ya mwanamke ni ile anayoweza kuifikia kwa miguu."

Katika orodha ya vipande kumi na kimoja hapakuwa na hata kimoja cha mahali pasipofikika kwa miguu. Jicho alilijua hilo. Alikuwa amezipima njia zote kwa magoti ya shangazi yake. Alimpenda mama yule, na upendo wenyewe ulikuwa umempunguzia mji hadi ukabaki mitaa mitatu.

Alimtazama Fundi, akingoja. Kama kulikuwa na neno la kusema, hapo ndipo mahali pake. Fundi akaitazama kofia.

"Umenyamaza," Jicho akamwambia.

"Ni shangazi yako. Nimjibu nini?"

"Ni shangazi yangu, ndiyo. Lakini kazi inatakiwa na wawili, na harusi ni ya wawili, na wewe umenyamaza kwa kuwa maneno yake yanakufaa."

"Hayo si kweli!"

"Basi sema yaliyo kweli."

Fundi akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Chumba kile kilikuwa na hatua nne tu na yeye alizimaliza mara tatu. "Kweli ni kwamba nimechoka," akasema mwishowe. "Kila nikipita mlango huu naulizwa swali moja. Kila nikirudi kwetu naulizwa swali lile lile. Nikilala naliota. Wewe hakuna anayekuuliza. Nilidhani hiyo ni nafuu yako."

"Si nafuu, Fundi. Ni kama nimekwisha kufutwa daftarini."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kisha, kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya mtu, akaishika tena kalamu na kuisogeza rula. Kazi aliyopewa alikuwa hajaimaliza, na katika maisha yake hakuwahi kuiacha prufu katikati. Mstari wa tano, wa sita, wa saba. Hasira alikuwa nayo, lakini alisahihisha barua ya mshindani wake kwa uangalifu ule ule ambao angeisahihisha yake. Alipofika mstari wa tisa, akauzungushia duara.

"Hapa umeandika ulisimamia watu sita."

"Pale mtamboni."

"Mtamboni mlikuwa wawili, wewe na yule wa kupanga karatasi."

"Nimewahesabu na waliokuwa wanapita kupokea vitabu. Nimeitia chumvi kidogo tu, Jicho. Kila mtu anafanya."

"Mimi sifanyi. Na mtu aliyekuja kwangu na karatasi mbichi akasema kosa ni langu, naye hakuwa anafanya."

Neno lile lilimpiga Fundi mahali pake. Akakaa chini taratibu, akalitazama duara. Kisha akalitazama duara la pili, lile la kwenye gazeti, na uso wake ukabadilika.

"Ngoja. Wale wasichana watatu waliokuja chumbani kwako mwaka wa juzi, nani aliwafundisha kazi?"

"Mimi."

"Nani aliwagawia kurasa?"

"Mimi. Hakukuwa na mwingine."

"Mmoja alipougua, nani aliipanga upya zamu, nani alikwenda kwa meneja kumwombea ruhusa? Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi yangu, nilikusikia."

"Lakini sikupewa cheo cha usimamizi."

Fundi akamsogezea kipande cha gazeti. "Chukua rula yako. Funika mengine yote. Soma mstari huo peke yake, unionyeshe wapi pameandikwa cheo."

Jicho aliweka rula. Akasoma. Akasoma mara ya pili, midomo ikicheza. *Awe na uzoefu wa kusimamia watu.* Hapakuwa na cheo. Miaka tisa alikuwa amekamata yale ambayo wengine waliyaruka. Na wiki nzima aliusoma mstari huu kila siku, akiuongezea sharti ambalo hakuna aliyeliweka, akajikataa mwenyewe kabla ofisi haijapata nafasi ya kumkataa.

"Nipe karatasi safi," akasema.

"Saa nne na robo," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Basi yangu naichana."

"Ukiichana, nitajua hukuamini kwamba ningeweza kukushinda." Alimtazama moja kwa moja, na macho yale ambayo kiwanda kizima kiliyaogopa yalikuwa yamelowa. "Sitaki kazi ya kuachiwa. Peleka yako, nipeleke yangu. Ila ule mstari wa tisa uurekebishe."

Aliandika. Nakala ya kwanza aliichana kwa sababu ya doa dogo la wino. Ya pili aliichana kwa kuwa herufi moja ilipinda. Katikati ya nakala ya tatu shangazi akaomba maji, kisha akaomba mto, kisha akaomba kugeuzwa ubavu, na kila mara Jicho aliinuka, akafanya yapasayo, akarudi akakuta fikra imekimbia. Mara ya nne shangazi alipoita, Fundi alitangulia kuinuka.

"Sijakuita wewe," mama alisikika akisema.

"Najua, Shangazi. Sema tu kama ni ubavu wa kulia au wa kushoto."

"Wa kushoto. Polepole, mimi si gunia! ... Hapo hapo. Hm. Una mikono ya kazi. Kazi yenyewe ndiyo hakuna."

Jicho akaiinamia barua, akicheka na kulia kwa pamoja. Alipomaliza ilikuwa saa nane na nusu. Akanyoosha mkono kuichana na ile ya tatu, kwa kuwa nukta moja ilikuwa kubwa kuliko zingine. Fundi akamshika kifundo cha mkono. Walikaa hivyo, mshipa wake ukipiga chini ya kidole gumba cha Fundi, mpaka vidole vya Jicho vikalegea. Fundi akaikunja barua, akaitia bahashani, akailamba gundi mwenyewe ili isifunguliwe tena. Yake mwenyewe haikupata karatasi safi ya kunakiliwa, zote zilikuwa zimekwisha; kwenye mstari wa tisa alikata "sita" akaandika "mmoja". Akaifunga kama ilivyo, na nyekundu yake yote.

"Mwanangu," shangazi akaita walipofika mlangoni. Sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Ukitoka na bahasha hiyo, habari za harusi usirudi nazo humu. Sitataja tarehe. Nimesema."

Jicho alisimama, mkono juu ya kitasa. "Nimesikia, Shangazi. Maji yako kwenye kiti, upande wa kushoto. Nitarudi saa kumi na moja."

Wakatoka.

Njia ilikuwa ya nusu saa na zaidi, ikipita nyuma ya gereji, kando ya ukuta mrefu wa ghala, kisha katika barabara ya maduka ambako mafundi cherehani walikaa barazani wakikanyaga mashine. Jua lilikuwa kali. Jicho alisimama mara mbili. Mara ya kwanza kusema kwamba hakuandika tarehe, alikuwa ameiandika. Mara ya pili alisema tu, "Nirudi."

"Rudi," Fundi akamjibu, akiendelea kutembea. "Mimi na tatu zangu tunakwenda."

Jicho akamfuata kwa hasira, na hasira ikamfikisha.

Ofisi ile ilikuwa na dirisha dogo la kioo, na nyuma yake karani mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini na tano. Karani akanyoosha mkono, akaipokea bahasha ya Fundi, akaigonga muhuri. Kisha akamtazama Jicho kwa upole.

"Wewe, binti, kiti kipo pale. Pumzika wakati mwenzako anajaza daftari."

"Sikuja kumsindikiza, mzee," Jicho akasema, na sauti yake ikatetemeka mwanzoni ikanyooka mwishoni. "Nami naomba. Nafasi hiyo hiyo."

Karani akaishusha miwani, akawatazama wote wawili, akaipandisha. "Hiyo hiyo? Nyinyi mnajuana?"

"Sana," Fundi akasema.

"Makubwa haya." Akaigonga muhuri bahasha ya pili, akaligeuza daftari kuelekea kwao. "Jina, kazi ya mwisho, na mdhamini. Mdhamini awe mtu aliyefanya kazi nawe si chini ya miaka miwili, anayeweza kukueleza kwa ukweli. Asiye na mdhamini simpokei. Nitamrudishia bahasha yake."

Fundi akaandika jina la nyapara bila kufikiri. Kisha kalamu ikaja mkononi mwa Jicho, na kalamu ile ikakwama juu ya karatasi. Meneja alikuwa amehama, hajulikani alipo. Wale wasichana watatu walitawanyika. Nyapara alikuwa ameahidi kumtaja Fundi, angemtajaje mwingine? Jicho alizipitia kichwani nyuso za kiwanda kizima, watu ambao makosa yao aliyafunika kwa miaka tisa yasiwafikie wasomaji, na hakumpata mmoja aliyewahi kumwambia: ukiwa na haja, niandike.

Saa ya ukutani ikasogeza mshale. Akaiweka kalamu chini.

"Basi, mzee. Nirudishie."

"Niandike mimi," Fundi akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Wewe?" Karani akashangaa. "Si unagombea nafasi hii hii? Mwombaji amdhamini mwombaji?"

"Miaka minne nimepeleka karatasi zangu kwake. Kila alichokikataa kilistahili kukataliwa. Mzee, mtu anayetaka kazi hiyo hiyo akikuambia mwenzake anaifaa kuliko yeye, utamtafuta shahidi gani mwingine?"

Karani akajikuna kidevu. "Hili sijaliona tangu nikae dirishani hapa. Na huyu ni nani wako? Maana uhusiano nao unaandikwa, hapa, pembeni. Ndugu?"

"Hapana."

"Mkeo?"

Nyuma yao mwombaji mwingine alikuwa amefika, akihema, bahasha mkononi.

"Bado," Fundi akasema, na masikio yake yakawa ya moto.

"Bado ya lini? Mimi naandika, sitabiri."

Jicho akalivuta daftari karibu, akauinamia ule mstari wa maelekezo juu ya ukurasa, akaweka kidole chini yake badala ya rula. Alisoma neno kwa neno mara mbili, bila kuongeza kitu. "Hapa wamesema uhusiano utajwe," akasema. "Hawakusema mchumba haruhusiwi. Andika mchumba, mzee. Na kama kuna nafasi ya tarehe, andika mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza."

Kalamu ilimponyoka Fundi, ikabiringika chini ya dirisha.

"Tarehe haina nafasi humu," karani akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na alipoandika neno *mchumba* alilipamba kwa mkia mrefu kuliko kanuni za ofisi zinavyoruhusu. "Majibu yatabandikwa hapo nje baada ya wiki mbili. Haya, pisheni njia."

Nje, jua lilikuwa limepungua kidogo tu. Walitembea mpaka kwenye ukuta wa ghala, na hapo Fundi akashindwa kuvumilia.

"Jicho. Kazi sina. Huenda nikashindwa na wewe, au tukashindwa wote na yule aliyekuja nyuma yetu anahema. Shangazi ameapa. Utamwambia nini?"

Jicho alisimama. Miguu yake bado ilikuwa na haraka, na alijua kwamba jioni ile nyumbani kutakuwa na maneno mazito, na kwamba atayasikiliza kwa heshima yote bila kuibadilisha Jumamosi yake. Akamtazama yule mwanamume, kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayepitisha rula.

"Nitamwambia nimekukagua," akasema. "Hunywi. Huniongopei, na ukianza kuniongopea unakubali kusahihishwa. Unajua kumgeuza mgonjwa ubavu. Umenidhamini mbele ya watu, na ilikuwa hasara yako. Pamoja na nyingine ninazozijua mimi, nimekuhesabia sifa saba."

"Na ya nane?"

Akamshika mkono hapo hapo barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ya nane utajifunza ukiwa ndani."